Marahaba ya Mume Wangu

Mume wangu aliacha kazi akiwa na miaka arobaini na saba. Siku zile watu waliacha kazi kwa kufukuzwa au kwa kufika umri wa kupumzika. Yeye aliiacha kwa sababu ya kifua.

Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi kwenye kinu cha pamba, Mwanza mjini, upande wa ziwani. Msimu ukifunguliwa malori yanaleta pamba kutoka Magu na Kwimba, mashine inatenga mbegu na nyuzi, na vumbi linabaki kwa wafanyakazi. Alikuwa akirudi nyumbani nyusi nyeupe. Mwanzoni nilimcheka, nikamwita babu. Halafu kikohozi kikaanza, na baadaye kikawa hakiondoki hata kinu kikifungwa. Daktari alimsikiliza mgongoni, akamwambia wazi kwamba akiendelea na vumbi lile, misimu miwili mitatu itatosha. Hakusema itatosha kwa nini, na sisi hatukuuliza.

Kwa hiyo nilichokitaka mimi mwaka ule kilikuwa kimoja. Shamba kubwa sikulitaka, wala ng'ombe. Nilitaka mume wangu apumue.

Tulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu Igogo, ya udongo, paa la bati. Mabinti zetu wawili walikuwa wamekwisha kuolewa, mmoja Musoma, mmoja Tabora. Mume wangu akasema mjini bila mshahara hatutaweza: maji unalipa, kuni unalipa, hata mchicha, ambao kwetu Ukerewe unaota wenyewe, unalipa. Tukihamia ng'ambo, upande wa Kamanga, mahali ambapo chakula kinatoka ardhini na maji yanatoka ziwani, kiinua mgongo chake kitatufikisha mpaka mwisho wetu.

"Tupunguze," akasema. Neno hilo alilisema kila siku kwa miezi miwili.

Tukapunguza. Kikabaki kitanda kimoja, sufuria mbili, viti viwili. Baiskeli ikauzwa. Cherehani yangu niliitetea mpaka akanyamaza. Redio sikuitetea. Alisema inakula betri, na yanayosemwa humo ni hotuba tu. Ikachukuliwa na jirani. Nalitaja hili kwa sababu watu huniuliza mpaka leo, mlikuwa wapi ninyi, hamkusikia? Hatukusikia. Tuliuza masikio yetu wenyewe.

Kitu kingine alichofurahi kukipunguza ni mikutano. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa hapitishi Jumapili bila kutuita. Kule ng'ambo, mume wangu alisema, hakuna mtu wa kumgongea mlango amwambie chama kimesema nini.

Kiwanja na kuta tulimwuzia fundi wa reli. Bati kumi na nane tukazing'oa, tukanyoosha misumari mmoja mmoja, tukazifunga kamba, tukavuka nazo kwa pantoni mpaka Kamanga. Mtu mmoja ndani ya pantoni aliziangalia zile bati, akaniuliza tunazipeleka wapi. Nikamwambia tunakwenda kujenga. Akasema, "Kujenga? Sasa hivi?" Nikadhani anasema kuhusu mvua.

Tulikodi mkokoteni wa ng'ombe. Mahali tulipofika ni mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Kamanga, ukifuata ziwa. Watu walikaa mbalimbali kama Wasukuma wanavyokaa, kila mtu na boma lake na ua wake wa minyaa, jirani unamjua kwa moshi wake. Palikuwa na majani na upepo wa ziwa. Mume wangu alisimama akavuta pumzi mpaka chini, na mimi niliyekuwa karibu nikasikiliza. Haikukwaruza. Nikasema moyoni, basi, ni hapa.

Mwenyeji wa eneo lile alikuwa mzee mwenye ng'ombe wengi, nywele nyeupe zote, meno ya mbele hana, mcheshi sana. Siku hiyo mume wangu alivaa shati lake la kaki la kinuni, na mfukoni alichomeka kalamu, ile aliyozoea kuandikia namba za marobota ya pamba. Miguuni alikuwa na viatu. Mzee alitazama viatu, akatazama kalamu, akatazama bati kwenye mkokoteni. Ucheshi ukamtoka. Akauliza:

"Ndugu, umetumwa?"

Mume wangu akacheka. "Ah, kutumwa kuna namna nyingi," akasema.

Ndipo mzee yule, ambaye angeweza kumzaa mume wangu, akainama kidogo akasema, "Shikamoo."

Na mume wangu akasema, "Marahaba."

Mimi mwili ulinisisimka. Mzee hamwamkii mdogo wake shikamoo. Akifanya hivyo, ujue anaamkia cheo, na cheo mume wangu hakuwa nacho hata kimoja.

Tulipewa mahali tulipotaka wenyewe, juu kidogo ya ziwa. Nilisema tutoe japo mbuzi. Mzee akakataa kwa mikono yote miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha moto. Vijana wake wakatukatia miti, wakatusaidia kukandika udongo, na hawakukubali hata uji wetu. Siku kumi na mbili nyumba ikasimama, vyumba viwili, bati inang'aa. Ilikuwa ndiyo bati pekee upande wote ule.

Tulipobaki wawili nikamwuliza mume wangu kwa nini aliitikia.

"Ningefanyaje? Nimkatalie mtu salamu?"

"Ungemwambia wewe ni mchambua pamba."

"Hakuniuliza kazi. Aliniuliza kama nimetumwa."

"Na hukusema hukutumwa."

Akavua viatu vyake. Halafu akasema, "Mama, miaka ishirini na miwili pale kinuni nimeitwa 'we'. Acha na mimi niitikie kidogo."

Nikamwacha. Lile kosa nalihesabu ni langu pia.

Miezi ya kwanza alipona, sisemi uongo. Alilala usiku kucha bila kuinuka kukohoa. Alilima asubuhi matuta mawili matatu, akapumzika, akavua samaki wa mboga kwa ndoana. Alinenepa shingo. Mtu angetupita angesema hawa wawili wamepata.

Lakini mimi sikutulia. Kisimani wanawake walikuwa wakicheka ninasikia tangu mbali. Nikitokea, kicheko kinakatika. Wananipisha niteke kwanza. Mke mkubwa wa mzee, mwanamke mwenye wajukuu, alinitwika ndoo kwa mikono yake. Mume wangu akipita, wanaume waliokaa wanasimama. Wanamwita Ndugu, na hilo Ndugu lao halikuwa la udugu.

Halafu kuna mihogo. Mimi ni mtu wa Ukerewe, nikifika mahali naangalia mihogo kwanza. Muhogo unakaa ardhini mwaka na zaidi, na anayeupanda amekusudia kuwepo. Pale sikuona muhogo mchanga hata mmoja. Ya zamani ilikuwa inang'olewa na mashimo yanaachwa wazi. Walipanda kunde na mahindi ya muda mfupi, vitu vya kuvuna na kuondoka. Nyasi za mapaa zilikuwa nyeusi zimeoza, hakuna aliyeezeka upya. Na ng'ombe wa mzee walikuwa wakipungua. Wachache wachache waliswagwa kwenda mbali kwa ndugu zake, hawarudi.

Nikaenda kwa mke mkubwa kumwomba vipande vya mihogo vya kupanda. Akanitazama kwa muda.

"Unataka kupanda mihogo, mayu?" Mayu kwa Kisukuma ni mama.

"Ndiyo."

"Hapa hapa?"

"Sasa nikapande wapi?"

Akaniletea mzigo mzima mpaka mlangoni kwangu. Juma lile lile nikaona boma la kwanza linapanda mihogo. Halafu la pili. Kijana mmoja wa mzee, aliyekuwa ameoa karibuni, akaleta miti ya kujengea nyumba yake. Ng'ombe waliokuwa wamepelekwa mbali, kundi moja likarudishwa. Kisimani walianza kucheka hata mimi nikiwepo. Nikafurahi, nikadhani sasa tumezoeleka.

Mwezi wa sita nilivuka kwenda Mwanza kutafuta uzi na sindano za cherehani. Nilipita soko la Nyamagana kumsalimu rafiki yangu anayeuza nyanya, tuliyekaa naye Igogo miaka mingi. Aliponiona alishika mdomo.

"Mmeshahamishwa? Mko kijiji gani?"

Nikamwambia tuko kwetu, tumejenga, mume wangu hajambo. Akaacha nyanya zake, akanivuta pembeni. Akaniambia redio inasema kila siku, watu wote wanaokaa mbalimbali watahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wapende wasipende, kabla ya mvua. Upande wa barabara ya Busisi wamekwisha kuanza. Wenye akili wametangulia wenyewe, wamebeba milango na nafaka kidogo kidogo, wamechagua viwanja vizuri. Wanaongoja wanabebwa kwa malori, na nyumba zinaangushwa nyuma yao.

"Huko kwenu hawajui?" akaniuliza.

Nilirudi kwa pantoni ya mchana nikiwa nimekaa juu ya mzigo wangu, nikilirudia swali hilo njia nzima. Walijua. Ndiyo maana hawakupanda mihogo, ndiyo maana waliacha mapaa yaoze. Walikuwa wakijiandaa kuondoka polepole, na walinyamaza mbele yetu kwa sababu walidhani sisi ndio tuliotumwa kuwatazama. Kisha mtu wa serikali akajenga nyumba ya bati katikati yao. Mke wake akaomba mihogo. Basi wakaambiana kwamba hapa hapaguswi. Sisi tulituliza roho kwa kuwaona wao wametulia, na wao walitulia kwa sababu ya bati zetu.

Nilimkuta mume wangu amekaa kwenye kiti nje. Nikamweleza yote, nikamwambia aende kwa mzee leo, kabla ya jua kuchwa, aseme yeye ni nani.

Akasema labda huku hawatafika, ni mbali. Akasema watu wako katikati ya mavuno, tusiwavuruge, atasema baada ya mavuno. Nikamwambia baada ya mavuno watakuwa wamejaza vihenge vya nafaka, na kihenge hakibebeki mgongoni. Akasema, "Wakijua, tutakaa na nani?"

Ningeweza kwenda mwenyewe. Nilijiambia mke hamwumbui mumewe ugenini. Hayo ni maneno mazuri, lakini si kweli yote. Kweli ni kwamba na mimi nilikwisha zoea kuteka maji kwanza.

Wakavuna. Vihenge vikajaa mpaka vikafunikwa. Nyumba ya kijana wa mzee ikaezekwa nyasi mpya za manjano. Nikawa napita njia ya nyuma nisiione. Mume wangu alianza tena kushika kifua, na vumbi hakuna. Nadhani lilikuwa lile neno alilokuwa hajalisema.

Malori yalikuja asubuhi, kiangazi kimekauka kabisa. Tuliona vumbi lao kwanza, halafu tukasikia. Mgambo walishuka. Na watu hawakukimbia, hawakulia, hata vyombo hawakutoa. Walifunga milango yao taratibu wakaja uani kwetu, wanaume, wanawake na watoto wao, wakasimama mbele ya nyumba ya bati kama watu wanaongoja dawa. Mzee alikuwa mbele.

"Ndugu," akamwambia mume wangu, "hao wenzako wamefika. Waambie."

Mkubwa wa mgambo alikuwa amechoka, sauti imemkauka kwa kupiga kelele tangu alfajiri. Akamtazama mume wangu na shati lake la kaki. Akamwuliza kwa heshima kabisa, "Mzee, wewe ni nani hapa?"

Mume wangu alifungua mdomo. Kikohozi kikamkamata akashika nguzo. Watu wakangoja. Kilipotulia akasema, kwa sauti ndogo, "Mimi ni mkaazi."

"Mkaazi tu?"

"Mkaazi."

"Basi mkaazi toa vyombo vyako nje upesi, tuna safari nyingi."

Mzee alimtazama mume wangu kuanzia viatu mpaka kichwani, kama siku ile ya kwanza. Akageuka akaenda kwake, na wote wakamfuata. Hapo ndipo vilio vikaanza, huko kwenye maboma yao, si kwetu.

Lori moja lilibeba familia mbili na walichoweza kushika. Vihenge vilibaki. Paa jipya la kijana wa mzee liliangushwa kwa kamba mbele ya mke wake. Bati zetu ziling'olewa zikapakiwa kwa ajili ya ghala la kijiji, na mtu akaandika hilo kwenye daftari. Waliokuwa wamekusudia kuhama kwa hiari yao walihamishwa mikono mitupu. Mimi nilikalia cherehani yangu juu ya lori, na mke mkubwa alikuwa mbele yangu, magoti yetu yanagusana, hakunitazama safari nzima.

Kijiji kilikuwa uwanja mtupu kando ya barabara, viwanja vimepigwa vigingi kwa mistari. Kisima kimoja, mti wa kivuli hakuna. Waliotangulia walikuwa wameshika viwanja vya juu. Sisi tulipata wa mwisho, mkiani, ubavuni mwa barabara, na kila lori lililopita lilitumwagia vumbi lake lote. Nikajenga kibanda cha nyasi kwa mikono yangu. Mume wangu alikaa ndani mdomo kaufunga kitambaa.

Siku ya pili nilikwenda kwa mke mkubwa kuomba moto. Viberiti vilikuwa havipatikani, kila mtu alichukua kaa la jirani. Alikuwa anapika. Akafunika mafiga kwa mwili wake, akaniambia, "Hapa hakuna moto, mayu." Nikaenda nyumba ya pili, hakuna moto. Ya tatu nilipofika mlango ulikuwa umeshafungwa. Hapo nikajua tumetengwa. Sitaeleza sana, wa Usukumani wanajua. Mtu akiwakosea majirani wanakutana wanamtenga: hapewi moto, hasalimiwi, hasaidiwi mzigo, na akifa hachimbiwi. Mpaka alipe faini na wakubali.

Moto niliupata kwa mpita njia mmoja, nikaapa hautazimika. Nikautunza ndani ya kibanda mchana na usiku, gogo linafuka kwenye jivu. Na moshi ule aliuvuta nani? Nje vumbi la barabara, ndani moshi wangu. Katika juma la tatu alikuwa halali tena, anakaa wima ameegemea cherehani, na midomo imekuwa rangi ya zambarau. Hospitali iko Mwanza. Mwenye mkokoteni na ng'ombe wa kuuvuta alikuwa mmoja tu kwenye mstari wetu, na huyo ni mzee, ambaye vijana wake waliuleta kwa ng'ombe nyuma ya malori.

Nilikwenda kwake asubuhi. Nilipiga magoti mlangoni, nikasema nimekuja kuomba mkokoteni, mgonjwa anakufa. Alikuwa anasuka kamba. Hakuacha kusuka.

Nikasema niambieni faini. Sina ng'ombe, nina cherehani, chukueni.

"Ng'ombe wetu sisi wenyewe wanakufa njiani," akasema. "Cherehani nitaifanyia nini, nishone vihenge?"

Mtu ndani ya nyumba akacheka, kicheko kibaya.

Nikaanza kusema mimi mwenyewe: kwamba mume wangu hakutumwa, kwamba ni mfanyakazi wa kinu. Akainua mkono.

"Hayo mayu tunayajua sasa. Tuliyajua tukiwa juu ya lori. Lakini hukucheka wewe siku ile, alicheka yeye. Aje aseme."

"Hawezi kutembea. Hawezi kusema maneno matatu bila kupumzika."

"Basi aseme mawili."

Nilirudi nikiwa na hasira, nikamweleza mume wangu. Nilidhani atakataa, na sehemu yangu moja ilitaka akatae, kwa sababu kutoka mkiani mpaka kwa mzee ni viwanja tisa, na jua lilikuwa limekwisha kuwaka. Kumpeleka ilikuwa kumwua, kumwacha ilikuwa kumwua. Alinisikiliza akaomba maji. Akasema nimvalishe shati jingine, si la kaki.

Tulikwenda. Alishika bega langu. Kila kiwanja tulisimama, na kila tuliposimama mtu alitoka mlangoni akatutazama. Hawakuja kusaidia, lakini hawakurudi ndani, walitufuata nyuma. Katikati ya njia lori likapita. Nilimfunika kichwa kwa khanga yangu, na chini ya khanga nilisikia kifua chake kinapiga filimbi. Nikamwambia turudi. Akatikisa kichwa.

Mzee alikuwa amesimama uani kwake, watu wa mstari wote wamezunguka. Mume wangu aliliachia bega langu. Akainama, na kuinama kule kulimchukua muda, akasema:

"Shikamoo, baba."

Mzee hakujibu. Alingoja.

"Sikutumwa," mume wangu akasema. Akapumua. "Nilikuwa nachambua pamba." Akapumua tena, muda mrefu, mpaka mwanamke mmoja akasogea mbele. "Niliona mnaniheshimu. Nikanyamaza."

Akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, kwenye vumbi.

Mzee alimwangalia. "Pamba," akasema. "Kumbe pamba. Mimi nimelima pamba tangu sina ndevu. Ungeniambia wewe ndiye unayeichambua, ningekupa shamba lile lile. Na ng'ombe wa maziwa ningekupa." Akatema mate pembeni. "Mihogo tusingepanda."

Halafu akasema, "Marahaba." Akawaambia vijana wafunge ng'ombe.

Tulikwenda watu saba na mkokoteni, mzee mwenyewe akiwa mbele na fimbo. Walikata matawi wakaweka kivuli juu ya mgonjwa. Mke mkubwa alitembea ubavuni kwangu, akabeba kibuyu cha maji. Tulipofika Kamanga pantoni ilikuwa imekwisha vuka, tukangoja. Mzee akaegemea gurudumu la mkokoteni, akamwuliza mume wangu pamba ikishapimwa na kupakiwa inakwenda kufanywa nini. Miaka yote ile ameiuza, hajawahi kuona. Mume wangu akaanza kumweleza: mashine yenye meno, mbegu zinaanguka huku, nyuzi zinapita huku, halafu robota linabanwa kwa mikanda ya chuma. Neno moja, pumzi moja. Nilitaka kumwambia anyamaze atunze pumzi. Nikaona mzee ameinamisha kichwa karibu na mdomo wake asikose kitu. Nikawaacha.

Pantoni ilipokuja vijana wanne walimbeba mpaka ndani. Mzee hakupanda. Alisema hajawahi kukaa juu ya maji, hataanza leo. Akaniambia, "Mayu, likitokea lolote, tuma neno."

Neno nililituma siku ya tisa. Mume wangu alikufa asubuhi, daktari akiwa bado hajazunguka wodi. Nilivuka naye siku ya pili yake, na nilipotazama ng'ambo niliwaona wamesimama, watu ni wale wale, wameongezeka wengine watatu wenye majembe. Walinipokea mwili. Mke mkubwa alinishika kiuno. Mzee aliuliza kama nimekula, nikasema bado, akanipa viazi viwili vya kuchemsha kutoka kwenye mfuko wa koti lake. Akasema twende sasa hivi, kaburi limeshachimbwa, na njia kwa ng'ombe hawa ni ndefu.